Mzee hakuhama, jimbo ndilo lililohama: Ubungo kutoka Lamwai hadi Kitila

SWALI: Shikamoo mwalimu. Baba yangu anaishi Kimara Baruti tangu 1989, nyumba ni ileile. Anasema akiwa Ubungo amewahi kuwa na mbunge wa NCCR, akaja wa CCM, akaja wa CHADEMA, kisha CCM tena. Dada yangu amejenga Temboni, vituo vichache tu mbele yetu, lakini mbunge wake ni wa Kibamba. Naomba unieleze jimbo letu lilikotoka, nani anaamua mpaka upite wapi, na kwa nini 2025 Ukonga na Mbagala ziligawanywa lakini sisi tukaachwa. Mimi mwanao, Kimara.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na dada yako, kwa sababu jibu lake ni fupi na ndilo linalofungua mengine yote.

Temboni iko kata ya Saranga. Najua watu wa pale ukiwauliza wanakaa wapi watakwambia "Kimara Temboni", na kondakta naye ndivyo anavyonadi. Lakini Kimara ya kondakta ni ndefu kuliko Kimara ya Tume ya Uchaguzi. Kata ya Kimara, aliko mzee wako, imo katika jimbo la Ubungo. Saranga imo Kibamba. Manispaa ya Ubungo ina kata 14, na kati ya hizo jimbo la Ubungo lina nane: Ubungo yenyewe, Kimara, Makuburi, Mabibo, Manzese, Makurumla, Mburahati na Sinza. Zilizobaki sita, yaani Saranga, Msigani, Mbezi, Goba, Kwembe na Kibamba, ni za jimbo la Kibamba. Mpaka huo haukuwepo kabla ya 2015. Zote hizo zilikuwa Ubungo moja, kuanzia Manzese hadi kule ambako Morogoro Road inaaga mkoa na kuingia Pwani.

Kwa hiyo mzee anaposema "Ubungo" ya Lamwai, yule mbunge wa NCCR wa 1995, na "Ubungo" ya leo, jina ni moja lakini eneo si lilelile. Liweke hilo akilini, kwa sababu nawasikia watu wengi wakilinganisha kura za Ubungo za miaka tofauti kana kwamba wanapima kitambaa kimoja kwa futi moja.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kama baba yako alipiga kura enzi za chama kimoja, mwulize kuhusu jembe na nyumba. Tangu uchaguzi wa 1965, chama kilikuwa kinateua wagombea wawili kwa kila jimbo, mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, na mwananchi anachagua. Wote wawili walikuwa wa chama hichohicho. Ushindani ulikuwepo, tena mkali. Katika uchaguzi huo wa 1965 hata waziri Paul Bomani aliangushwa kule Mwanza. Ila huwezi kusema jimbo lilikuwa la chama gani, maana chama kilikuwa kimoja. Swali lako la vyama linaanza baada ya sheria kubadilika 1992, na kwa sanduku la kura linaanza 1995.

Mwaka huo Dar es Salaam ilikuwa na majimbo saba: Ilala, Ukonga, Kinondoni, Kawe, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Tarehe 29 Oktoba 1995 nchi nzima ilipiga kura, lakini kwetu Dar mambo yaliharibika. Vituo vingi vilipata vifaa jua likiwa limeshapinduka, vingine havikupata kabisa, na watu walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Tume ikafuta uchaguzi wa majimbo yote saba ya mkoa na kuurudia tarehe 19 Novemba. Wagombea urais wa upinzani walijitoa kwenye marudio hayo. Ungetegemea basi kwamba upinzani Dar usingepata hata kiti kimoja, na kwa kweli karibu iwe hivyo. Lakini Ubungo ilimpeleka bungeni Dakta Masumbuko Lamwai, mwanasheria, kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Mwaka uliofuata Augustine Mrema akachukua Temeke kwenye uchaguzi mdogo, naye kwa NCCR, na Dar ikawa na wabunge wawili wa mageuzi.

Kwa nini Ubungo? Nitakupa maoni yangu, nawe yapime. Jimbo hili lilikuwa na Chuo Kikuu mlimani, kiwanda cha nguo cha Urafiki na wafanyakazi wake bondeni, na Manzese katikati na wafanyabiashara wadogo ambao hawakuwa wakiajiriwa na yeyote. Miaka hiyo mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu kazi. Mwanafunzi, mfanyakazi aliyepunguzwa na muuza mitumba walikutana kwenye mikutano ya NCCR kila mmoja na shida yake. Hawakuwa na itikadi moja. Walikuwa na mtu mmoja wa kumkasirikia.

NCCR haikudumu na neema hiyo. Chama kiligombana chenyewe kwa chenyewe, Mrema akaondoka kwenda TLP 1999, na Lamwai baadaye naye akaenda CCM. Uchaguzi wa 2000 CCM ikamleta Charles Keenja. Huyu hakuwa mgeni Dar: Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa 1996, ndiye aliyeongoza Tume ya Jiji iliyowekwa mahali pake, na wakazi wengi walimkumbuka kwa takataka zilizoanza kuzolewa na barabara zilizoanza kuzibwa mashimo. Alishinda 2000, akawa waziri wa kilimo, akashinda tena 2005. Nisikuchoshe na miaka hiyo kumi. Jambo moja tu: kati ya walioshindwa 2005 alikuwemo kijana wa CHADEMA wa miaka 25, John Mnyika. Aliposhindwa hakutafuta jimbo jingine. Alibaki Ubungo miaka mitano akizungumzia maji.

Maji ndiyo yaliyobeba siasa za jimbo hili kuliko kitu chochote, na mtu asiyejua hilo hataelewa 2010. Bomba kubwa la Ruvu Juu linatoka Mlandizi, linafuata Morogoro Road, linapita Kibamba na Mbezi na kuja kumwaga kwenye matangi ya Kimara. Yaani watu wa Mbezi na Kimara walikuwa wanaishi kando ya bomba linalolisha mji, huku wao wakinunua maji kwa dumu. Hakuna kitu kinachomuudhi mtu kama kusikia maji yakipita chini ya miguu yake. Mtambo wa Ruvu Juu ulikuja kupanuliwa baadaye, kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196, lakini mwaka 2010 bado wanawake walikuwa wanaamka saa tisa usiku kusikiliza kama bomba linakoroma.

CCM mwaka huo haikumsimamisha tena Keenja. Alianguka kwenye kura za maoni za chama, tiketi ikaenda kwa Hawa Ng'humbi. CUF ilimweka Julius Mtatiro. Mnyika akashinda. Ng'humbi akaenda Mahakama Kuu kupinga matokeo, na hapa nikueleze kitu ambacho wengi hukichanganya: matokeo ya ubunge unaweza kuyapeleka mahakamani, ya urais Katiba ya 1977 inakataza. Kesi ilichukua zaidi ya mwaka, na ilikuwa Mei 2012 ndipo Jaji Upendo Msuya alipoitupa na Mnyika akathibitishwa. Maana yake ni kwamba karibu theluthi ya muda wake bungeni mbunge wenu alikuwa na kesi shingoni.

Sasa 2015, mwaka wa kisu.

Tume iliongeza majimbo nchini, na Dar ikapata mawili: Mbagala iliyotoka Temeke, na Kibamba iliyotoka Ubungo. Kabla ya hapo, 2010, ilikuwa imeongezeka Segerea. Kwa hiyo Dar ilikwenda kutoka majimbo saba hadi manane, kisha kumi. Mnyika alifuata kipande kipya cha juu, akagombea Kibamba dhidi ya Dakta Fenella Mukangara wa CCM, akashinda. Ubungo iliyobaki, CHADEMA ikampa mwandishi wa habari Saed Kubenea, naye akamshinda Didas Masaburi, aliyekuwa meya wa Jiji.

Siku ya kupiga kura nilikuwa msimamizi wa kituo katika mojawapo ya kata za bondeni, sitaitaja. Mama mmoja wa makamo aliingia na khanga yake, akahakikiwa kwenye daftari, akapewa karatasi zake tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Akaenda kwenye kituturi. Dakika mbili, tatu, nne, kimya. Kisha akatoa kichwa nje: "Mwalimu, mbona Mnyika simwoni humu?" Mawakala wa vyama wote wakanigeukia mimi. Kanuni hairuhusu niseme neno lolote kuhusu mgombea, hata kumwambia alipo. Nikamjibu, "Mama, waliomo ni hao unaowaona." Akaitazama tena ile karatasi, akaguna, akatia alama alipoamua. Nilipokuwa nabandika fomu 21B ya matokeo ya ubunge ukutani usiku ule bado nilikuwa namfikiria. Jimbo lake lilikuwa limekatwa miezi michache nyuma, na hakuna aliyempelekea habari nyumbani.

Upinzani ulichukua viti sita kati ya kumi Dar mwaka huo: Ubungo, Kibamba, Kawe na Ukonga kwa CHADEMA, Temeke na Kinondoni kwa CUF. Hii ni kwa sababu vyama vya UKAWA, yaani umoja wa vyama vya upinzani, vilikubaliana kusimamisha mgombea mmoja kila jimbo. Palipovunjwa makubaliano palionekana. Segerea walisimama Mtatiro wa CUF na mgombea wa CHADEMA, kura zikapasuka katikati, na CCM ikapita kwa Bonnah Kaluwa. Kwetu anayeongoza ndiye anayeshinda, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomchagua, mradi waliomkataa wamegawanyika. Ukirudi sasa kwa Ubungo ya 2010, ambako CUF na CHADEMA walisimama wote na bado Mnyika akapita, ndipo unaona hasira ya maji ilikuwa na uzito gani.

Yaliyofuata baba yako atayakumbuka vizuri. Katiba yetu inasema mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni, kiti kinakuwa wazi. Maulid Mtulia wa Kinondoni akahamia CCM mwishoni mwa 2017, Mwita Waitara wa Ukonga akafuata 2018, Abdallah Mtolea wa Temeke naye mwaka huohuo. Kila mmoja akarudi bungeni kwenye kiti chake kilekile kwa shati la kijani. Ubungo, Kibamba na Kawe hazikuguswa. Wabunge wake walimaliza kipindi na chama walichokuja nacho.

Kisha 2020. CCM ilimleta Ubungo Profesa Kitila Mkumbo, mwalimu wa Chuo Kikuu ambaye wakati mmoja alikuwa kiongozi ndani ya CHADEMA, akafukuzwa 2014, akapita ACT-Wazalendo, akateuliwa katibu mkuu wa Wizara ya Maji, naam, ya Maji, na hatimaye akavaa kijani. Alimshinda Boniface Jacob, aliyekuwa meya wa Ubungo. Kibamba ikaenda kwa Issa Mtemvu wa CCM. Upinzani uliyakataa matokeo ya nchi nzima. CHADEMA ilitangaziwa jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, kwa hiyo usitafute sababu za mtaani kwenu pekee kuieleza Ubungo ya 2020. Wimbi lilikuwa la taifa.

Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura. Siku ile mji wetu ulivurugika, intaneti ikazimwa, na Dar ikawekewa marufuku ya kutembea usiku. Kitila akarudi Ubungo, Kibamba ikampata Angellah Kairuki, wote wa CCM. Mtu akikwambia anaweza kusoma mwelekeo wa jimbo kutoka kwenye matokeo ya mwaka ambao chama kilichowahi kulishika hakikushiriki, mwache aendelee na safari yake.

Nije kwenye mipaka. Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kuigawa nchi katika majimbo, baada ya kupata kibali cha Rais. Inatakiwa iyatazame upya majimbo angalau kila baada ya miaka kumi, na ikifanya hivyo izingatie idadi ya watu, hali ya kijiografia na upatikanaji wa mawasiliano. Tume haianzi kuchora ofisini kwake. Maombi huanzia halmashauri, yanapanda kikao cha ushauri cha wilaya, kisha cha mkoa, ndipo yanafika Tume. Ndani ya vikao hivyo wamo wabunge na madiwani ambao kesho watagombea katika mipaka hiyohiyo. Mimi sioni kama ni siri wala dhambi, lakini ni vizuri raia ajue kwamba mshonaji na mvaaji huwa wanakaa meza moja.

Mwaka 2025, Tume Huru, kama inavyoitwa sasa, ilitumia kipimo cha wastani wa watu 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa la kijijini. Ikaongeza majimbo manane, jumla ikawa 272 kutoka 264. Mawili kati ya manane yalikuja Dar: Kivule kutoka Ukonga, na Chamazi kutoka Mbagala. Hivyo sasa tuko kumi na mawili.

Kwa nini si Ubungo? Chukua sensa ya 2022 uhesabu mwenyewe. Ilala ilikuwa na watu 1,649,912 na majimbo matatu. Gawanya, unapata karibu 550,000 kila moja, ila Ukonga ndiyo iliyokuwa imevimba kuliko wenzake, na upande wa Kivule ndiko nyumba zilikokuwa zinaota kama uyoga. Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na majimbo mawili tu, yaani zaidi ya 670,000 kila moja. Hapo hata bila kikokotoo unaona kisu kilikoelekea. Manispaa ya Ubungo ilikuwa na watu 1,086,912 kwa majimbo mawili: kama 543,000 kila moja. Mko chini ya kipimo. Kigamboni yenye watu 317,902 ina jimbo moja peke yake, lakini ni wilaya kamili, tena iko ng'ambo ya maji.

Ukiniuliza kama mtagawanywa tena, nitakwambia angalia juu, usiangalie bondeni. Manzese, Mburahati na Makurumla zimejaa. Huwezi kuongeza watu pale ila kwa kupanda ghorofa. Goba, Kwembe, Msigani na Mbezi bado viwanja vinauzwa. Kituo cha mabasi ya mikoani, ambacho kwa miaka mingi ndicho kilichofanya mtu wa Bukoba au Songea alijue jina la Ubungo, kilihamia Mbezi Luis, na Februari 2021 kikazinduliwa siku moja na barabara za juu za Ubungo Mataa. Kituo kile kimetoka jimbo moja na kuingia jingine, na pamoja nacho wamehama mama lishe, wapiga debe, wenye gesti na wapangaji wao. Hao wote ni wapiga kura. Upande wa Ubungo, mahali pa stendi ya zamani pamejengwa kituo kikubwa cha biashara kilichozinduliwa Agosti 2025. Hicho kitaleta wanunuzi mchana, si wakazi usiku. Kwa hiyo kisu kikija tena, nadhani kitaanzia Kibamba.

Kuna swali hukuniuliza, nami nitakuuliza wewe. Dada yako alipohamia Temboni, alihamisha taarifa zake kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura? Kwa Dar zoezi lilipita mitaani Machi 2025. Kama hakuhamisha, jina lake bado liko kwenye kituo cha Baruti, jirani na la mzee. Anakaa Kibamba, barabara anayoilalamikia ni ya Kibamba, lakini kadi iliyo kwenye pochi yake ni ya Ubungo.